Ukuta wa jikoni: tailizi zipi ununue, zipi uziache dukani

Ukuta ulio kati ya kaunta na makabati ya juu ni mdogo kuliko watu wengi wanavyodhani. Chukua jiko la kawaida la umbo la L: upande mmoja mita 3, wa pili mita 2, na kimo cha sentimita 60 kutoka kaunta hadi chini ya kabati. Hesabu yake ni mita 3 za mraba, basi. Sebule peke yake inaweza kumaliza mita 25. Kwa hiyo mtu anayezunguka Kariakoo nzima akitafuta boksi lililopungua shilingi elfu mbili, halafu habari ya gundi na grauti, ule ujazo wa mistari kati ya tailizi, akamwachia fundi atafute yoyote, amebana pale pasipo na hela na kulegeza pale penye shida.

Kipimo changu ni kimoja: ukuta ufutike. Rangi, maua na mng'ao vije baadaye. Ukuta unafutika au haufutiki kwa sababu mbili, ngozi ya juu ya tailizi na wingi wa mistari ya grauti. Ngozi ya juu karibu siku zote ni nzuri. Tailizi yoyote yenye glezi, yaani ngozi laini kama kioo iliyochomwa juu yake, hata ya bei ya chini, haipitishi mafuta wala maji. Grauti ndiyo inayonywa. Ndiyo inayogeuka rangi ya mchuzi nyuma ya jiko na kuwa nyeusi kando ya sinki.

Wingi wa mistari hiyo unahesabika hata ukiwa nyumbani na kalamu. Kwa kila mita ya mraba, tailizi za sentimita 60 kwa 60 zina mistari ya grauti yenye urefu wa mita 3.3 hivi. Za 30 kwa 60 zina mita 5. Za 10 kwa 20 zina mita 15. Zile ndogo za mtindo wa matofali, 7.5 kwa 15, zina mita 20. Mosaiki ya vipande vya sentimita mbili na nusu ina mita 80. Zidisha kwa mita zako tatu za ukuta: wa 30 kwa 60 ana mita 15 za kusugua, wa mosaiki ana mita 240. Orodha iliyo hapa chini imepangwa zaidi kwa hesabu hiyo kuliko kwa picha za Instagram, ambazo nyingi ni za majiko yasiyokaangwa samaki.

Kabla ya orodha, angalia ukuta wako unapambana na nini. Mafuta ya kukaangia yanaruka mbali kuliko unavyoona. Futa ukuta kwa kitambaa cheupe mita moja kutoka kwenye jiko baada ya wiki ya maandazi, utaamini. Manjano haishiki kwenye glezi, ila ikiingia kwenye grauti ya simenti au kwenye jiwe lisilozibwa, sabuni haiitoi. Jua huififisha, ndiyo maana doa la karibu na dirisha huondoka lenyewe na lile la nyuma ya jiko linabaki. Halafu kuna maji. Nyumba nyingi za pembezoni mwa Dar es Salaam zinatumia visima, na maji ya visima vingi yana chumvi. Kila tone likikauka linaacha alama nyeupe. Kwenye tailizi ya rangi ya maziwa au mchanga huioni. Kwenye nyeusi inayong'aa utaiona kila asubuhi, na utafuta kila asubuhi. Kama kisima chako kina chumvi, nyeusi ya kung'aa ifute kabisa kwenye mawazo yako kabla hujafika dukani.

Namba 1: seramiki ya ukutani yenye glezi, 30 kwa 60

Kwa nyumba nyingi, mjadala unaishia hapa. Seramiki ya ukutani ni nyepesi, inakatika kwa mashine ndogo ya mkono bila kupiga kelele, na inashika vizuri ukutani kwa sababu mgongo wake una matundu madogo yanayofyonza. Kitaalamu tailizi za aina hii zinafyonza maji zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake, wakati poseleni, ile tailizi ngumu zaidi, haizidi nusu asilimia. Muuzaji atakutajia tofauti hiyo kama ila. Kwenye sakafu ya bafu au kibaraza kinachonyeshewa ni ila kweli. Juu ya kaunta, maji hayafiki mgongoni. Yanakutana na glezi tu. Ukichukua poseleni, unalipia ziada kwa sifa ambayo ukuta huu hauitumii.

Ukubwa wa 30 kwa 60 una faida nyingine. Ukizilaza, safu mbili zinakupa sentimita 60, karibu sawasawa na nafasi iliyopo. Nasema karibu kwa sababu ongeza milimita mbili za grauti kati ya safu na milimita tatu za silikoni kule chini, safu zinafika sentimita 60 na nusu. Seremala akiwa ameshafunga makabati kwa sentimita 60 kamili, fundi atalazimika kukata wembe wa nusu sentimita kwenye safu nzima ya juu, kazi mbaya na yenye kuvunja vipande. Dawa yake ni kubandika tailizi kwanza, makabati ya juu yafungwe baadaye yakizifunika kidogo. Ikishindikana, mwambie seremala aache 61.

Rangi: nyeupe ya maziwa, kijivu chepesi, rangi ya mchanga. Mng'ao wa kati ndio ninaoupenda. Inayong'aa sana inarudisha taa machoni na kuonyesha kila mahali ukuta ulipopinda. Isiyong'aa kabisa, hasa yenye mparuzo, inashika mafuta kwenye vijishimo vyake. Zile za mfano wa mawe, zenye mabonde na vilima, zipo kwa bei nzuri tu na zinavutia dukani. Nyuma ya jiko la gesi zitakufundisha matumizi ya mswaki wa zamani.

Kuhusu asili, usilipie jina la nchi. Nyingi zilizo kwenye maduka yetu zinatoka Foshan kule China au Morbi katika jimbo la Gujarat, India, na za hapa nyumbani ni kama Goodwill za Mkuranga na Twyford za Chalinze, ambazo kwa Kenya zinatengenezwa Kajiado. Za Hispania na Italia zipo, ni nzuri, na bei yake imebeba safari ndefu. Kwa mita tatu za ukuta wenye kufutwa kwa sabuni ya kuoshea vyombo, za Mkuranga au Chalinze zinatosha, na ukipungukiwa na boksi una pa kulitafuta.

Namba 2: poseleni kubwa, 60 kwa 60 au 60 kwa 120

Huyu angekuwa wa kwanza kama mafundi wote wangekuwa sawa. Kipande kimoja cha 60 kwa 120 kinafunika nyuma ya jiko lote, bila mstari hata mmoja pale panaporuka mafuta. Poseleni imechomwa kwenye joto la nyuzi 1200 hivi, ni ngumu, haibadiliki rangi, sufuria ikiigonga inasikitika sufuria.

Shida ni kule kule kutofyonza. Simenti na mchanga vinashika tailizi kwa kuingia kwenye matundu yake, na poseleni haina matundu ya maana. Fundi akiibandika kwa udongo wa simenti aliozoea, itakaa miezi, hata mwaka, halafu siku moja inaachia. Poseleni ya ukutani inataka gundi ya mfuko iliyoandikwa daraja la C2, ile inayoshika zaidi, siyo C1 ya kawaida, na hii ya C2 ina bei yake. Inataka pia mashine ya kukatia yenye maji, kwa sababu grinda kavu inamega kingo. Na ni nzito: boksi la vipande vinne vya 60 kwa 60 linakaribia kilo 30. Uliza fundi atakata kwa nini na atabandika kwa nini. Akijibu "bosi, tutatumia simenti tu, haina neno", rudi namba 1 bila kinyongo.

Kama unamalizia sakafu ya nyumba kwa poseleni na umebakiwa na vipande vizuri, basi hii ndiyo chaguo lako la kwanza, maana tayari umeshailipia. Tailizi ya sakafu inaruhusiwa kupanda ukutani. Ya ukutani ndiyo isiyoruhusiwa kushuka sakafuni.

Namba 3: granaiti ileile ya kaunta

Mnaokata granaiti kwa ajili ya kaunta, zungumza na mkataji kabla hajapakia mashine. Ubao wa granaiti haukatwi bila masalia, na masalia hayo yanatosha kutoa kipande cha kusimamia ukutani cha sentimita 10 hadi 15 kuzunguka kaunta yote. Hapo ndipo maji ya sinki yanapopiga. Juu yake unaweza kupaka rangi ya mafuta, na nyuma ya jiko peke yake ukaweka kipande kirefu hadi kwenye kabati. Hakuna grauti ya kuzungumzia. Granaiti isuguliwe dawa ya kuziba matundu mara moja kila baada ya muda, hasa ile ya rangi nyepesi, kwa sababu mafuta yanaacha kivuli.

Watu wengi hawaliulizi hili kwa vile tailizi zinauzwa duka jingine na granaiti karakana nyingine. Ukilipia ubao mzima, masalia ni yako. Wengi wanayaacha karakanani.

Namba 4: tailizi ndogo za mtindo wa matofali

Asili yake ni vituo vya treni ya chini ya ardhi vya New York, vilivyofunguliwa mwaka 1904, ambako wasanifu Heins na LaFarge walivika kuta kwa vigae vyeupe vya inchi 3 kwa 6 ili kuta zioshwe kwa urahisi na mwanga usambae. Bado zinapendeza, na zina tabia nzuri ya kutochuja kwa mtindo; jiko la tailizi nyeupe ndogo halikuambii limejengwa mwaka gani.

Lakini mita 20 za grauti kwa kila mita ya mraba ni nyingi. Nimeziweka hapa, siyo chini zaidi, kwa sharti moja: grauti iwe ya kijivu, kamwe isiwe nyeupe. Ukiweza, nunua za 10 kwa 20 au 7.5 kwa 30, utapunguza mistari na mwonekano ubaki uleule. Jiandae pia na bei ya ufundi. Mafundi wengi wanatoza kwa mita ya mraba wakiwa wanafikiria tailizi kubwa. Ukimletea ndogo baada ya kukubaliana, atapandisha, na atakuwa na haki. Mwonyeshe kipande kabla ya kupatana.

Namba 5: kioo

Kipande kimoja cha kioo kilichopakwa rangi kwa nyuma, kutoka kona hadi kona. Hakifyonzi chochote, kinafutwa kwa gazeti. Kiwe kioo kigumu kilichopitishwa kwenye moto, na nyuma ya jiko la gesi hakuna mjadala juu ya hilo, maana kioo cha kawaida cha dirisha kinapasuka kwa joto la upande mmoja. Tatizo ni kwamba kioo kikishapitishwa motoni hakikatiki tena wala hakitoboleki. Matundu ya soketi yapimwe na yakatwe kabla. Ukikosea sentimita moja, unanunua kingine. Na kioo cha kawaida kina ukijani. Rangi nyeupe nyuma yake inaonekana kama maji ya bahari. Wanaotaka nyeupe kweli waagize kioo chenye madini kidogo ya chuma, ambacho ni ghali zaidi.

Shiti ya stenlesi nyuma ya jiko peke yake naiweka hapa hapa. Majiko ya hoteli yanaitumia kwa sababu za msingi. Mama anayekaanga chipsi au vitumbua vya kuuza nyumbani angefikiria hiyo kabla ya tailizi yoyote, akubali tu kwamba inachubuka na inaonyesha alama za vidole.

Namba 6: mosaiki na tailizi za maua

Mosaiki inauzwa ikiwa imebandikwa kwenye wavu wa sentimita 30 kwa 30. Hesabu ya grauti umeshaiona. Kama umeipenda sana, weka mstari mmoja wa mosaiki katikati ya tailizi kubwa, mbali na jiko, uondoke.

Tailizi za maua zina historia ya heshima kwetu. Watu wa pwani walipachika bakuli za kauri za China kwenye makaburi ya nguzo kule Mambrui na Kunduchi karne nyingi zilizopita, na nyumba za kale za Lamu zina zidaka za kuwekea vyombo vya kauri ukutani. Kwa hiyo simlaumu mtu anayetaka ukuta wake useme kitu. Ushauri wangu ni kuchagua seramiki yenye glezi iliyochapwa maua, siyo vile vigae vya simenti vyenye rangi vinavyotengenezwa kwa mkono, ambavyo havina glezi na vinakunywa mafuta siku ya kwanza. Zeliji ya Fez kutoka Morocco ina glezi, lakini kila kipande kimechongwa kwa nyundo, hakuna viwili vilivyolingana, na fundi asiyeizoea atakupa ukuta wa mashaka.

Namba 7: mawe ya marumaru

Ndimu, siki, ukwaju, nyanya. Marumaru ni chokaa iliyogandamizwa chini ya ardhi, na tindikali inaila chokaa. Tone la ndimu likikaa dakika chache linaacha doa lisilong'aa ambalo si uchafu, ni jiwe lenyewe limeliwa, na dawa ya kuziba haizuii hilo. Weka sebuleni. Jikoni nunua poseleni iliyochapwa mfano wa marumaru. Kwa umbali wa hatua mbili sidhani kama mgeni wako ataikuna kuhakikisha.

Namba 8: stika za PVC

Mpangaji asiyeruhusiwa kugusa ukuta ana sababu ya kuzitumia, upande wa sinki tu. PVC inaanza kulainika kwenye joto la nyuzi 80 hivi, na nyuma ya jiko joto hilo linafikika bila shida. Kingo zinanyanyuka, mafuta yanaingia chini yake, mende wanafuata. Kwa pesa hiyo hiyo, lita chache za rangi ya mafuta nyeupe juu ya lipu iliyonyooka zinakupa ukuta unaofutika kwa miaka kadhaa. Rangi ya mafuta haimo kwenye orodha kwa sababu si tailizi, ila ingekuwemo ningeiweka juu ya mosaiki.

Ukiwa dukani

Usilinganishe bei za maboksi. Tuseme boksi moja ni shilingi 25,000 na lina vipande 10 vya 25 kwa 40, yaani mita 1 kamili. Jingine ni shilingi 30,000 na lina vipande 8 vya 30 kwa 60, yaani mita 1.44. La pili ndilo la bei nafuu: kama shilingi 20,800 kwa mita. Muuzaji anajua hesabu hiyo, na hana sababu ya kukufanyia.

Kwenye ubavu wa boksi kuna alama za toni ya rangi na za kipimo halisi. Tailizi za jina moja zilizochomwa siku tofauti hazilingani toni, na zinaweza kupishana kwa milimita moja. Maboksi yote uliyonunua yawe na alama zilezile, na uangalie mwenyewe kabla hayajapakiwa kwenye bajaji, maana vijana wa stoo wanabeba lililo karibu. Tafuta pia neno la daraja la kwanza. Kwa viwango vya kimataifa, daraja hilo maana yake angalau asilimia 95 ya vipande havina kasoro inayoonekana. Kwa hiyo kipande kimoja kibovu hapa na pale si ulaghai, ni vinne kwenye boksi moja ndio ulaghai.

Halafu toa vipande viwili kutoka maboksi mawili tofauti, uvikutanishe uso kwa uso. Vikitikisika au ukiona mwanga katikati, vimepinda. Kupinda kidogo kwa tailizi ndefu ni kawaida, na ndiyo sababu 30 kwa 60 hazipangwi kama matofali kwa kupishanisha nusu kwa nusu: tumbo la moja linakutana na ncha ya nyingine na ukuta unapata ngazi. Zipange mstari sawa, au zipishane theluthi.

Ukitaka kujua kama unauziwa poseleni kweli, usibishane. "Kaka, naomba kipande kilichovunjika na maji kidogo." Dondosha tone mgongoni. Kwenye seramiki linazama na kuacha kiraka cheusi. Kwenye poseleni linabaki limekaa juu. Rangi ya mgongo, nyekundu au nyeupe, haikuambii kitu hapo.

Idadi sasa. Mita 3 za mraba kwa tailizi za 30 kwa 60 ni vipande 17. Ongeza asilimia 10 ya kukatika, vinafika 19. Maboksi yana vipande 8, kwa hiyo unachukua matatu na kubakiwa na vitano. Usivirudishe. Siku bomba la ndani ya ukuta litakapovuja, vipande hivyo vitakuwa na thamani kuliko vilivyo ukutani, kwa sababu toni yake haitapatikana tena.

Vitu vya kununua siku hiyo hiyo

Grauti ya mfuko, ya kijivu, ile laini isiyo na mchanga kwa mistari ya chini ya milimita 3. Mafundi wengi watataka kutumia simenti nyeupe. Inafanya kazi kwa muda, kisha inapasuka nywele nywele na kuchafuka. Tofauti ya bei kwa ukuta wa mita tatu ni ndogo mno kuigombania. Nyuma ya jiko, kwa mwenye uwezo, kuna grauti ya epoksi ambayo haifyonzi manjano wala mawese. Inakauka haraka na inang'ang'ania usoni pa tailizi isipofutwa kwa wakati, kwa hiyo isitumiwe na fundi anayejifunzia kwako.

Gundi ya tailizi, hata kwa seramiki. Fundi akisisitiza simenti kwa seramiki, sawa, lakini tailizi zilowekwe kwenye ndoo hadi viputo viishe kupanda, na mchanga uwe wa mtoni. Mchanga wa baharini una chumvi, na chumvi hiyo itatoka kwenye mistari ya grauti kama unga mweupe kwa miaka.

Nunua spesa za milimita 2, vile vipande vya kutenganisha tailizi, trimu ya alumini ya kufunga ukingo wa mwisho, na mrija wa silikoni isiyoota ukungu kwa ajili ya pale tailizi inapokutana na kaunta. Hapo pasipigwe grauti. Kaunta na ukuta vinacheza, grauti inapasuka, na ufa huo ndio mlango wa mende.

Fundi anapoanza

Ukuta uliopakwa rangi au kupigwa skimu ya jipsam haubandikwi tailizi moja kwa moja. Ukwanguliwe hadi lipu, ugongwegongwe kwa nyundo upate meno. Soketi ziamuliwe kabla: ya birika, ya blenda, ya friji, zote kwa kimo kimoja, na zisikae juu ya jiko wala ubavuni mwa sinki. Ukiweza zipange ziangukie katikati ya tailizi au kwenye mstari, zisiume kona.

Kisha simama umwangalie akibandika tailizi tatu za kwanza. Kama anachota madonge matano, anayaweka kwenye pembe nne na katikati, kisha anaikandamiza ukutani, msimamishe kwa upole. Kati ya madonge hayo kuna hewa. Utakapotoboa ili ufunge kibanio cha taulo, tailizi itapasuka hapo hapo. Gundi ipakwe ukutani kwa mwiko wa meno, ipakwe nyembamba mgongoni mwa tailizi pia, halafu ikandamizwe. Baada ya hapo mwambie aing'oe moja ikiwa bado mbichi uone mgongo wake. Ukiwa umefunikwa karibu wote, muache aendelee na kazi yake, usimkae kichwani.

Mpe muda wa siku nzima kabla ya grauti. Kabla ya kuipiga, pita ukutani na sarafu ukigonga kila kipande, katikati na kwenye pembe zote. Kinacholia kama debe tupu kitolewe siku hiyo hiyo, kwa sababu kabla ya grauti kinatoka kizima, na baada yake kinatoka na jirani zake. Malipo ya mwisho yafanyike baada ya zoezi hilo, na mpatane hivyo tangu siku ya kwanza, fundi akiwa bado hajafungua boksi.